Kupima macho ya shahidi: jua, wanja na pointi tisa

Kifaa changu cha kufuatilia shahidi anatazama wapi ni cha mezani, kinapiga picha 60 kwa sekunde na kinakaa chini ya skrini. Kinamulika macho kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, halafu kamera inatafuta katikati ya mboni na kijinuru kinachorudi kutoka kwenye konea, utando angavu wa mbele ya jicho. Kwa nafasi baina ya viwili hivyo, programu inajua mtu anatazama wapi.

Adui wa kwanza hapa Unguja ni jua. Nalo lina infraredi, na pazia la kanga halizuii kitu, kwa hiyo madirisha ya mbao nayafunga na kuwasha taa. Kiti ni cha plastiki. Cha magurudumu mtu husogea nacho bila kujijua, na mimi nataka sentimita 60 hadi 65 kutoka kwenye skrini.

Wa pili ni wanja. Programu huudhani ni ukingo wa mboni, na alama ya jicho inarukaruka. "Dada, samahani, naomba tuufute kidogo." Pamba na mafuta ya nazi vinatosha, lakini kope zioshwe kwa sabuni, maana mafuta yakibaki yanang'aa na kuzaa kijinuru cha uongo. Mwenye nikabu haivui, mradi kitambaa kisishukie kope.

Kisha shahidi anafuata kwa macho pointi tisa kwenye skrini, ili programu ilinganishwe na macho yake. Kosa, yaani tofauti ya pointi yenyewe na pale programu inaposema anatazama, likizidi digrii 1, tunarudia. Kwa umbali ule digrii 1 ni kama sentimita 1 kwenye skrini, ndiyo maana kwenye gwaride la utambulisho la picha, ambapo shahidi anaoneshwa nyuso amtambue mshukiwa, nyuso sita naziachanisha sentimita 3. Zikibanana, huwezi kusema alitazama ya nani.

Picha ya mtu aliyeshika panga ndiyo inayoonesha mengi: macho yanaganda kwenye panga, sura inaambulia mitazamo michache. Mwanasaikolojia Loftus na wenzake walilipima jambo hili mwaka 1987, wakilinganisha picha za mtu aliyeshika bastola na za aliyeshika hundi.

Watu huniuliza kama mboni ikitanuka ndiyo mtu anadanganya. Hapana! Hutanuka kwa giza, kwa hofu, hata kwa kupiga hesabu. Mwangaza wa picha zote nausawazisha kwanza, na hata hapo siandiki neno "uongo" kwenye ripoti.

Mwisho naonesha pointi ya katikati tena. Alama ikitua pembeni kwa zaidi ya sentimita 1, mtu amejisogeza, na rekodi hiyo naitupa.