Ugali Umesingiziwa

Mtu akiamua kupunguza mwili, cha kwanza kufukuzwa mezani ni ugali. Wiki ya kwanza mizani inashuka kilo mbili au tatu, anafurahi. Wiki ya tatu amechoka, kichwa kinauma, hasira ziko karibu, na usiku mmoja anamaliza sufuria nzima. Zile kilo za mwanzo nyingi zilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji kama gramu tatu. Ukiacha wanga, akiba inakwisha na maji yake yanatoka kwa mkojo. Siku ukirudi kwenye ugali maji nayo yanarudi, mizani inapanda, na lawama inaangukia sima.

Tuhesabu. Unga wa mahindi gramu 100 una kalori kama 360, na ukiusonga unapata bonge la ukubwa wa ngumi ya mtu mzima hivi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia, mililita 15 tu, kina kalori 120. Kwa hiyo vijiko vitatu vya mafuta vinalingana na bonge zima la ugali, tofauti ni kwamba ugali unauona na unakushibisha, mafuta yamejificha kwenye mchuzi na hayashibishi. Kwetu mboga isiyoelea mafuta inaitwa ya kuchemsha, na mpishi wake anasemwa. Sifa ya mboga inayoelea mafuta ndiyo inayotunenepesha.

Fanya jambo moja kabla ya kununua hata raba za mazoezi. Siku unayofungua dumu la mafuta la lita 5, andika tarehe kwenye ubavu wake kwa kalamu ya wino mzito. Likiisha, hesabu siku. Nyumba ya watu wanne inayomaliza dumu kwa siku 30, kila mtu anakula mililita 42 kwa siku, sawa na kalori 345 hivi. Dumu hilohilo likifika siku 60, kila mmoja amepunguza kalori 170 kwa siku bila kuacha chakula chochote. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, kwa hiyo punguzo hilo peke yake, kwa hesabu, ni zaidi ya nusu kilo kwa mwezi. Hayo ni mafuta ya nyumbani tu. Ya barabarani hayamo kwenye dumu.

Namna ya kulifikisha dumu siku 60 iko kwenye mkono wa mpishi. Acha kumimina kutoka kwenye dumu, mimina kwa kijiko. Kwa sufuria ya watu wanne, vijiko viwili vya chakula vinatosha kuunga. Kaanga kitunguu kwa moto mdogo, kikianza kukauka ongeza maji vijiko viwili, si mafuta. Weka nyanya na chumvi kidogo, funika dakika tano zilainike zenyewe. Mchicha na matembele vina maji yao, havihitaji kuogelea. Wanaokosea hapa huweka moto mkali: kitunguu kinaungua, wanaogopa, wanaongeza mafuta. Kwenye maharage ya nazi, tumia tui jepesi na uache tui zito, kwa sababu mkamuo wa kwanza ndio unaobeba sehemu kubwa ya mafuta ya nazi.

Chipsi ni habari hiyohiyo. Viazi vya kuchemsha gramu 100 vina kalori zisizofika 90, vikikaangwa kwa kuzama kwenye mafuta vinakaribia 300. Sahani ya chipsi mayai, yenye chipsi gramu 200, mayai mawili na mafuta ya kikaango, haiepuki kalori 800. Sisemi usile kamwe. Nasema usiihesabu kama kitafunwa cha jioni kabla ya chakula cha usiku.

Baada ya kikaango kuna kikombe. Kijiko cha chai cha sukari kilichojazwa kilima kina gramu 6 hivi. Vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni gramu 54, kalori zaidi ya 200. Soda ya nusu lita iko palepale. Punguza nusu kijiko kila wiki, usikate ghafla; ulimi unazoea taratibu, na baada ya mwezi na nusu hivi chai ya zamani utaiona tamu kupita kiasi. Juisi ya maembe iliyosagwa na kuongezwa sukari haina tofauti na soda kwenye hesabu hii, hata kama imetengenezwa nyumbani kwa mikono safi. Kula embe lenyewe.

Chai ya sukari na maandazi matatu asubuhi inakupa kalori 700 au zaidi, na protini kidogo mno. Ndiyo maana saa nne njaa imesharudi. Protini ndiyo inayokaa tumboni, na ndiyo inayolinda misuli wakati mwili unapungua. Lenga gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito wako. Mwenye kilo 80 anahitaji kama gramu 96, na wala hahitaji unga wa kopo unaouzwa kwenye jimu: mayai mawili asubuhi (12), kikombe cha maharage yaliyopikwa (15), dagaa wakavu gramu 50 (30), kipande cha samaki gramu 100 (22), glasi ya mtindi (8), na ugali wa unga gramu 150 wenyewe una 12. Jumla 99. Dagaa wakaange kwa kijiko kimoja cha mafuta. Ukiwazamisha kwenye mafuta umepoteza faida.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula kabla ya kuongea na daktari wake, maana dozi ileile kwenye chakula kidogo inaweza kushusha sukari hadi mtu akazirai. Mjamzito na anayenyonyesha pia waanzie kliniki.

Sasa mazoezi. Watu wengi wanayapa kazi isiyo yake. Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita 5 anatumia kalori 250 hadi 300. Akifika nyumbani akajipongeza kwa soda na andazi, ameshazirudisha zote na zaidi. Tembea kwa ajili ya moyo, presha, usingizi na kupunguza sukari kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kukuharakisha pumzi, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Hayo ya nguvu ndiyo yanayorukwa, hasa na akina mama wanaoogopa kuota misuli ya kiume. Haioti hivyo. Usipoyafanya, sehemu ya kilo unazopoteza itakuwa misuli, na utabaki mwembamba wa mizani lakini mlegevu, usiyeweza kupanda ngazi na ndoo.

Huhitaji vyuma. Tafuta kiti kigumu, ukiegemeze ukutani, na dumu la lita 10 lenye mshikio. Kila lita ya maji ni kilo moja, kwa hiyo una mzigo unaoongezeka kidogo kidogo kuliko vyuma vya jimu nyingi.

Kuchuchumaa kwenye kiti: simama mbele yake, miguu upana wa mabega, vidole vimegeuka nje kidogo. Tanguliza makalio nyuma, ndipo magoti yakunjike, kama mtu anayetafuta kigoda gizani. Shuka kwa kuhesabu tatu, gusa kiti bila kujibwaga, simama. Makosa ni mawili. Visigino vikiinuka, ama vifundo vya miguu ni vigumu ama umeegemea mbele; weka ubao mwembamba wa sentimita 2 chini ya visigino mpaka vizoee. Magoti yakiingia ndani, misuli ya nyonga imelegea: funga mpira wa ndani wa baiskeli juu kidogo ya magoti, na wakati wa kushuka usukume kwa nje. Maumivu ndani ya goti lenyewe ni ishara ya kuacha zoezi, maumivu ya paja siku ya pili ni kawaida.

Kuvuta dumu: mkono mmoja kwenye kiti, mgongo umenyooka, vuta dumu hadi kiunoni, kiwiko kikipita karibu na mbavu. Ukijipinda ili kulipandisha, ni zito mno, mwaga lita mbili. Pushapu anzia ukutani, kisha ukingo wa meza imara, ndipo sakafuni. Malizia kwa kulala chali, magoti yamekunjwa, ukiinua kiuno na kubana makalio.

Kila zoezi mara 8 hadi 12, mizunguko mitatu, pumzika sekunde 90. Siku tatu kwa wiki, usizifuatanishe. Ukifika 12 mizunguko yote mitatu, kwenye dumu ongeza lita moja, kwenye pushapu shuka hatua moja. Asiyeongeza mzigo, mwili wake hauna sababu ya kubadilika.

Kuvaa nailoni ukakimbia juani kunatoa jasho, na maji utakayokunywa yanalirudisha lote. Hatari yake ni kuishiwa maji na kuzidiwa na joto. Mikanda ya tumbo haiyeyushi chochote. Chai za kupunguza tumbo nyingi zina majani ya kuharisha, unapoteza maji na chumvi, mafuta yanabaki palepale. Na kukata tumbo kwa mazoezi ya tumbo pekee hakuwezekani: misuli inakazika chini, mafuta ya juu yanaondoka kwa mpangilio wa mwili wenyewe.

Jipime asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla ya chai, mara tatu kwa wiki, uchukue wastani. Mwanamke alinganishe na wiki ileile ya mzunguko uliopita, kwa sababu hedhi hushikilia maji. Kiuno kipime kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kwa mwanamke, sentimita 80 ni mwanzo wa tahadhari na 88 ni hatari kubwa. Kwa mwanaume ni 94 na 102. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri.

Wastani ukisimama wiki tatu, kaangalie kwanza tarehe kwenye dumu la mafuta, kisha sukari ya chai, kisha vya kuonjaonja jikoni. Vikiwa sawa vyote, ndipo upunguze robo ya ugali wa usiku, uongeze mboga za majani, na usubiri wiki mbili kabla ya kugusa kitu kingine.