Sauti ndogo siisikii, kubwa inaniumiza: nilivyojipanga

Mi nasaga unga hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa 22 sasa, na kwa miaka kama minne nyumbani kwangu ugomvi ulikuwa mmoja tu. Mama Zuhura anaongea toka jikoni nasema "nini?", anarudia, "eeh?", mara ya tatu anapaza sauti mpaka jirani anasikia na mi hapohapo nawaka, mbona unanifokea? Akawa ananiambia baba Zuhura wewe unajifanya, kijiko kikianguka unaruka kama umepigwa shoti. Na kweli nilikuwa naruka. Hata mi nikaanza kujishuku, kiziwi gani anaumizwa na kelele?

Nikakosea kununua kile kikuza sauti cha bei chee cha kuchomeka sikioni. Siku ya pili tu mtoto kaangusha mfuniko wa sufuria, nikakichomoa nikakitupa, mpaka leo sijui kiko wapi.

Ndo nikaenda kupimwa. Unavalishwa hedifoni, ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Ile milio myembamba sikuisikia mpaka desibeli 60 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), wakati masikio mazima yanaanza karibu na sifuri. Halafu mpimaji akapandisha, akasema niambie ikikukera, nikamsimamisha kwenye 95, na kumbe hata mzima asingeenda mbali sana zaidi ya hapo! Yaani chini nimepoteza, juu niko vilevile. Kama redio yetu ya zamani, unazungusha kitufe kimyaa, kimyaa, ghafla inapasuka.

Alivyonieleza, ndani ya sikio kuna kitu kimejikunja kama konokono, mna vijinywele, na vile vya nje kazi yao kuzinyanyua sauti ndogo, kubwa hazihitaji msaada wao. Kelele inaanza kuviua hivyo, na havioti tena. Kazini wanahesabu mwisho ni desibeli 85 kwa masaa 8, ukiongeza 3 tu muda unakatwa nusu, sasa mi pale kwenye mashine mteja aliye mbele yangu lazima nimpigie kelele, piga hesabu mwenyewe. Na sikio linakudanganya bana, desibeli zikipanda 10 nguvu ya sauti inakuwa mara 10 ila we unaona imezidi kama mara mbili tu, unazoea.

Kifaa nilichowekewa baadaye kinapimiwa kwako, sauti ndogo kinazinyanyua sana, kubwa kinaziacha karibu zilivyo. Wiki mbili za mwanzo karatasi ikikunjwa ilikuwa kero, nikavumilia.

Ila kilichomaliza ugomvi sio kifaa peke yake. S, f na sh ziko kwenye milio ile myembamba niliyopoteza, mama Zuhura akisema nipe kisu mi nasikia nipe kitu, namuuliza kitu gani, anapandwa na hasira. Na kupaza hakusaidii, kunakuza zaidi a na i na u, ile s inabaki palepale. Kwa hiyo tumekubaliana aniite kwanza, anitazame, aseme taratibu kwa sauti ya kawaida. Harusini nakaa mbali na spika, na kijana wangu wa mashine hawashi mota kabla hajaziba masikio, akinuna anune.

Jana kasimama mlangoni mwa jikoni, "Baba Zuhura, nipe kisu." Nikampa kisu. Akacheka, "leo umesikia!"

Nikamwambia sijasikia, nimekuona mdomo.