Vyungu vya Siti
Juzi, nikiwa kwenye daladala iliyokwama katika foleni ya Mbagala, nilimaliza kwa mara ya pili wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, ulioandikwa na Shaaban Robert, na kilichonigusa safari hii si zile santuri alizokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, bali vyungu alivyovitembeza kutoka kijijini kwao Fumba akivinadi kwa sauti yake kabla hajajulikana. (Mara ya kwanza nilikisoma kwa ajili ya mtihani tu.) Asubuhi iliyofuata, mama muuza vitumbua alipopita mtaani kwetu akiita wateja kwa ule mwito mrefu ambao kwa miaka mingi nimeulalamikia kuwa unanikatiza usingizi, nilitoka barazani nikamsikiliza hadi alipokata kona.