Nyuzi Zilizopishana

Pasaka ile tulipiga Matendo ya Utukufu, sonata tano za mwisho kati ya sonata za Rozari za Heinrich Biber, mtunzi na mpiga fidla wa karne ya 17, katika kanisa la parokia kusini mwa Ujerumani, mimi kwenye fidla, mwenzangu kwenye kinanda kidogo cha mabomba. Biber alizitunga sonata hizo, yaani vipande vya muziki wa ala, huko Salzburg, mji ulioko Austria leo, miaka ya 1670: tendo moja la Rozari, sonata moja, zote 15, na mwishoni Pasakalia, kipande cha fidla peke yake kinachojengwa juu ya besi inayorudiwa. Ya kwanza na Pasakalia tu ndizo zinazoiacha fidla katika sauti zake za kawaida. Nyingine zote, nyuzi zinalinganishwa upya.

Iliyonikosesha usingizi ni ya 11, Ufufuko. Humo nyuzi mbili za katikati hubadilishana nafasi. Zinapishana juu karibu na vigingi, zinapishana tena chini nyuma ya daraja, na kila zinapopishana hufanya msalaba. Nyuzi nne zinakuwa na sauti za G, G, D, D. Nyuzi za utumbo wa kondoo hazipendi kuharakishwa. Ukizihamisha leo, kesho bado zinateleza. Ndiyo maana mwalimu wangu aliniazima fidla ya pili, nikaifunga hivyo siku kadhaa kabla, nikaiacha izoee.

Kuisoma ni kazi nyingine. Karatasi inakuambia uweke kidole wapi, haikuambii utasikia nini. Jicho linasoma noti moja, sikio linapokea nyingine, na wiki za kwanza za mazoezi kichwa kiliniuma kweli. Mpaka nikaacha kubishana na karatasi, nikaiachia mikono.

Kisha ukafika wimbo wa kale wa Pasaka, Surrexit Christus hodie. Kwenye fidla ya kawaida oktavu, yaani noti ileile kwa sauti ya chini na ya juu pamoja, hudai vidole viwili vilivyotanuliwa. Hapa kidole kimoja kinalala juu ya nyuzi mbili, na oktavu inatoka yenyewe, kama baba na mwanawe wanaoimba wimbo mmoja kanisani. Niliusikia mtetemo wake kwenye mfupa wa bega, kwa kuwa fidla hizi za mtindo wa kale hupigwa bila egemeo la bega. Nasema bila kusita: wanaoipiga sonata hii bila kupishanisha nyuzi wanapata noti zote na kukosa Ufufuko.

Mama alikuwa amekuja kutoka Moshi kunitembelea. Alikaa benchi la mbele, rozari mkononi, na kila sonata ilipoanza alisogeza vidole kwenye fungu jingine. Hakuna aliyemweleza utaratibu; Rozari ya Oktoba, nyumba kwa nyumba na jumuiya, ilimtosha.

Tulipomaliza aliniuliza, "Mwanangu, na Matendo ya Mwanga je?"

"Mama, hayo yaliongezwa na Papa Yohane Paulo wa Pili, 2002. Biber alifariki 1704."

Akafikiri kidogo. "Basi yapo matano yanayomsubiri mtu. Kaa uyatunge."