Nilivyozielewa sehemu za seli kwa kuifuata insulini

Sehemu za seli nilizielewa nilipoifuata protini moja tangu inapoanza kuundwa hadi inapotoka nje. Nilichagua insulini, homoni inayoshusha sukari katika damu, kwa kuwa seli za kongosho zinazoiunda huitoa nje, na njia yake hupitia sehemu nyingi. Niliichora njia hiyo kwenye karatasi kubwa, na kila hatua nikajiuliza kazi ingekwama wapi endapo sehemu hiyo isingekuwapo.

Nilianzia kwenye kiini. Maelekezo ya kuunda insulini yamo katika DNA, molekuli inayobeba taarifa za urithi, ambayo hubaki humo. Kinachotoka ni nakala yake, yaani RNA, inayopita katika vitundu vya utando wa kiini na kuingia kwenye sitoplazimu, yaani ute unaojaza seli nje ya kiini. Huko ribosomu, chembe ndogo zinazounda protini, huisoma na kuunganisha asidi amino, yaani vijenzi vya protini, moja baada ya nyingine hadi kuwa mnyororo. Nilitaka sana kujua ni kwa nini baadhi ya ribosomu huelea ilhali nyingine hushikamana na retikulamu endoplazimu, mtandao wa utando ulio ndani ya seli. Jibu limo katika mnyororo wenyewe: mwanzo wake una kipande kinachotambuliwa na seli, ribosomu hupelekwa kwenye utando wa retikulamu, na mnyororo huingizwa ndani ili ukunjwe. Kisha hubebwa na vifuko hadi kwenye kifaa cha Golgi (sehemu inayopanga na kupakia protini), alichokieleza mwanasayansi wa Italia Camillo Golgi mwaka 1898, na kupakiwa katika vifuko vingine ambamo kipande cha kati hukatwa, insulini ikakamilika.

Mitokondria, sehemu zinazoipatia seli nishati, ndiyo hatua niliyoikalia muda mrefu kuliko zote, na naona inastahili. Sukari inapozidi katika damu, mitokondria za seli hizi huzalisha kwa wingi ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. ATP hiyo huifunga milango ya potasiamu iliyo kwenye utando wa seli, chaji ya utando hubadilika, milango ya kalsiamu hufunguka, na kalsiamu inayoingia huvifanya vifuko viungane na utando na kumwaga insulini nje. Vifuko vilivyokaa muda mrefu bila kutumika huvunjwavunjwa na lisosomu, vifuko vyenye vimeng'enya vya kuvunja vitu visivyohitajika.

Kloroplasti (sehemu ambamo mmea hutengeneza chakula kwa mwanga) na ukuta wa seli havimo katika njia hii, kwa kuwa seli za wanyama hazina sehemu hizo. Ili kuzielewa sehemu hizo nilichora seli ya jani, nikaufuata wanga unaohifadhiwa ndani ya kloroplasti mchana na kuvunjwa usiku.