Nilivyoijenga Zero ya Akutan, ndege ya Mjapani yenye nyota ya Marekani

Napenda sana modeli za ndege za vita ya pili ya dunia na hii Zero ya Akutan nilikua naitamani siku nyingi, shida ni kwamba ukiagiza seti ya kawaida ya Zero unapewa zile duara nyekundu za Japani tu, ile iliyotekwa na Wamarekani inabidi uitengeneze kwa akili yako na picha za zamani.

Kwa asiyeijua, ni Mitsubishi A6M2 ya rubani Tadayoshi Koga, kijana wa miaka 19 tu, alitoka kwenye meli ya kubeba ndege Ryujo tarehe 4 Juni 1942 kwenda kushambulia Dutch Harbor kule Alaska. Ikapigwa risasi ikaanza kuvuja oili, akatafuta pa kutua kisiwa cha Akutan, kwa juu panaonekana majani mazuri kumbe chini ni tope tupu, magurudumu yakanasa ndege ikapinduka na Koga akafia humo humo. Wenzake walitakiwa kuiharibu ila hawakuipiga, walidhani labda bado mzima. Mwezi wa saba Wamarekani wakaiona, wakaisafirisha mpaka San Diego, wakaifufua na Septemba 1942 ikaruka tena, safari hii rubani ni Eddie Sanders.

Sasa mimi nikaamua hivi, ndani ibaki Mjapani nje iwe Mmarekani. Seti yangu ni ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe, mabawa yanafika kama sentimita 17 hivi kutoka ncha hadi ncha. Chumba cha rubani nikapaka kijani cha Mitsubishi, kwenye mashimo ya magurudumu nikaacha kijivu cha Kijapani, halafu nikafunika yote hayo kwa tepu kabla ya kugusa nje. Nje ni bluu ya kijivu juu na kijivu chepesi chini, ndio rangi za ndege za jeshi la maji la Marekani wakati ule. Nilichanganya mwenyewe bluu, nyeupe na nyeusi kidogo kidogo, najaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki, na kwa joto na unyevu wa hapa Dar bora upake tabaka nyembamba nyembamba usiku, mchana brashi inakauka hata hujafika mwisho wa bawa.

Nyota ni stika nilizozitoa kwenye seti ya Wildcat, ndege ya kivita ya jeshi la maji la Marekani, na hapa kuwa makini jamani, zisiwe na kidoti chekundu katikati. Marekani walikifuta Mei 1942 kwa sababu watu walikua wanakichanganya na duara la Mjapani, kwahiyo ndege hii kwa rangi zake za Marekani haikuwahi kuwa nacho. Stika unailoweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka iteleze yenyewe, unaiweka mahali pake, unagusa na siki iliyochanganywa na maji inalainika, alafu unaibonyeza taratibu na pamba ya masikioni kuanzia katikati kwenda pembeni mpaka mistari ya bodi ionekane chini ya nyota, yaani inakua kama imepakwa kabisa.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni mabawa. Ukiyashika unaona zile aileroni, bapa za nyuma ya bawa zinazolaza ndege ubavu, ni ndefu mno, na hapo ndipo majaribio ya Sanders yanapoeleweka: kwenye mwendo mdogo Zero inageuka vizuri ajabu, ila ikizidi noti 200 (kama kilomita 370 kwa saa) aileroni zinakua nzito, na kulala kulia ni kugumu kuliko kushoto. Tena injini ilikua inakata ukisukuma pua chini ghafla, kisa kabureta. Marubani wa Marekani wakaambiwa wakifuatwa wapige mbizi kwa kasi halafu wakate kulia. Mistari ya aileroni niliitia wino mweusi uliozimuliwa ili zionekane vizuri.

Nikamaliza na vanishi isiyong'aa. Anayetaka kuijenga namshauri anunue na hiyo Wildcat kabisa, nyota atapata na ndege nyingine ya kujenga anayo, na hao wawili walipambana kweli Pasifiki.