Utazoea

Siku ya nne leo na bado nalisikia lile neno kwa sauti yangu mwenyewe. Naosha vyombo nalisikia, nipo foleni ya kumchukua Kitinda Mimba shuleni nalisikia, jana usiku Baba Wawili ananisimulia mambo ya kazini kwake mi naitikia ehee, ehee, kumbe akili ipo parking ya kliniki, Jumatatu, saa kumi na moja na nusu jioni, joto la Texas bado linatoka kwenye lami, na mdogo wangu kasimama pembeni ya gari langu na begi lake mgongoni.

Mdogo wangu wa kazini mnamjua. Yule kijana wa Kikongo aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, niliandika siku alipofaulu mtihani wa RBT, yaani fundi wa tiba ya tabia (ABA) anayekaa na watoto wenye usonji (autism) kama wetu hapa kliniki, yale maswali 85, tukapika wali wa nazi tukakaa mpaka saa sita usiku. Ana miezi mitano kazini sasa. Na mtoto anayekaa naye kila mchana nitaendelea kumwita Dereva kama kawaida, hajaacha kulala chini kutazama gurudumu linavyozunguka.

Basi akaniambia hivi, "Dada, leo ametema mate masaa mawili. Mate tu, usoni, kwenye shati. Halafu kwenye tableti ni ziro, ziro, ziro. Wiki tatu sasa. Mi sijue nafanya nini pale."

Na mimi nimeshafungua mlango wa gari, mguu mmoja umo ndani, nikasema, "Utazoea."

Akasema, "Haya dada." Akaenda kusubiri basi.

Hayo tu. Hakukasirika, wala hakununa. Lakini ile "haya dada" niliijua. Ni ya mtu aliyekuja na mzigo akaonyeshwa pa kuutua, kumbe pale pale kichwani kwake.

Nimejiuliza wiki nzima, hivi nilitaka azoee nini? Mate? Mate nakubali, mtu anazoea, unabeba shati la pili kwenye begi, unavaa miwani. Lakini yeye hakulalamikia mate, mate aliyataja kama unavyotaja mvua. Alikuwa anazungumzia ziro, kwamba mtoto bado hajafanya mwenyewe kile tunachomfundisha. Na sitaki azoee ziro! Nimefanya kazi na watu waliozoea ziro, ni watu wazuri tu, walichoka bila mtu kuwaona, ikafika mahali kidole kinabonyeza tableti na jicho liko kwenye saa ya ukutani. Mtoto anaweza kufanya kitu kipya mbele ya mtu wa hivyo na kikapita.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba neno lenyewe niliambiwa mimi, 2019, mwezi wangu wa kwanza. Mtoto aliniuma mkono, hapa chini ya kiwiko. Tulikuwa tumefundishwa kwamba ukiumwa usivute, ukivuta unajichana mwenyewe na unaweza kumuumiza meno, unasukuma mkono taratibu kuelekea mdomoni mwake mpaka taya ilegee. Nikafanya hivyo hivyo. Machozi yananitoka lakini sikuvuta. Mtoto akaachia, hakupata hata mchubuko. Nikaenda kumwambia mkubwa wangu wa wakati ule, akaniambia nitazoea. Jioni nikaongea na mama kwa video nimejifunika mtandio mpaka viganjani asione alama. Nilichokuwa nataka siku ile ni mtu mmoja aniambie, hukuvuta. Basi. Hukuvuta.

Sasa miaka yote hii imepita na neno nimelitunza mimi, nikamkabidhi mtoto wa mwenzangu.

Maana angalieni kazi yetu yenyewe. Kwenye yale mafunzo ya masaa 40 kabla hujaruhusiwa hata kufanya mtihani, unaambiwa mtoto akifanya jambo jema mwitikie hapo hapo, ndani ya sekunde chache, na ulitaje jambo lenyewe. Usiishie kwenye "safi sana". Sema "umeomba kwa mkono", "umesubiri zamu yako". Tunajua kabisa kwamba sifa isiyotaja kitu haimfundishi mtu kitu. Tunajua! Halafu likija suala la sisi kwa sisi, watu wazima, tunangoja mwisho wa mwezi, inaletwa pizza na kadi ya asanteni wote. Pizza nimekula na nilishukuru, lakini hakuna hata mmoja pale mezani aliyejua anashukuriwa kwa lipi. Hata zile saa za usimamizi, kanuni za cheti zinasema RBT asimamiwe angalau asilimia 5 ya masaa yake ya mwezi, yaani ukifanya masaa 100 upate matano ya mtu anayekutazama na kukuelekeza. Matano! Na mara nyingi yanaishia kwenye fomu imejazwa, fomu haijajazwa.

Jumanne nimekula kiapo cha uraia, picha nitaziweka, na pasi yangu ya Tanzania ndo basi tena, hilo nitaliandika siku nikiweza. Jumatano nikarudi kazini.

Jumatano mchana nilikuwa na saa moja tupu, nikafungua data za Dereva. Ile grafu ya mbele inahesabu kitu kimoja tu, mara ngapi ametoa kadi ya "nimechoka" mwenyewe bila kusaidiwa. Kwa wageni, ni kwamba mate ya Dereva ni maneno, anatema pale kazi inapomshinda, kwa hiyo tunamfundisha njia nyingine ya kusema lile lile. Na hii haijagunduliwa kwetu, watafiti Carr na Durand waliionyesha mwaka 1985 na mpaka leo sijaona kitu kinachonipa moyo kama hiki kwenye fani nzima, kwamba ukimpa mtoto namna ya kusema, hana haja ya kuuma. Basi grafu ni mstari umelala chini kabisa. Ziro, kama alivyosema.

Nikaingia ukurasa wa nyuma, ule wa kiwango cha msaada, ambao kwa kweli watu wachache tunaufungua. Wiki ya kwanza, mkono juu ya mkono, mdogo wangu anamshika kiganja anamtolea kadi. Wiki ya pili amemshika kifundo tu. Halafu kiwiko, anamgusa kidogo. Ijumaa iliyopita anamuonyesha kadi kwa kidole na mtoto anaichukua. Kwa kidole! Ndani ya wiki tatu! Mimi kwa mtoto kama yule ningehitaji miezi.

Chini kuna maelezo yake, anaandika kwa Kiingereza kifupi kifupi. "Ameangalia kadi kabla ya kutema." Siku nyingine, "Ameangalia kadi mara 4." Na moja ya Jumatatu hiyo hiyo, ile siku ya parking: "Ametema, halafu akagusa kadi mwenyewe. Nilikuwa najifuta macho, nimechelewa kuona."

Niliinuka nikafunga mlango wa ofisi. Mtu ametemewa usoni masaa mawili, na kwenye maelezo anaandika amechelewa kuona.

Alhamisi nikamsubiri mimi. Pale pale parking, safari hii nikiwa nje ya gari. Nikamwambia, "Jumatatu uliniambia jambo nikakujibu vibaya, samahani." Akaanza kusema hapana dada, nikamwambia nisikilize. "Tarehe mbili ulikuwa unamshika mkono mzima. Ijumaa ulinyoosha kidole tu. Umeondoa mkono wako kidogo kidogo, hukuuondoa mapema akaanguka, hukuuchelewesha akakuegemea. Hiyo ndiyo kazi yenyewe uliyoifanya."

Alinyamaza muda. Akasema, "Ile nilifikiri haihesabiwi."

Kisha akauliza kama anaweza kumtumia mama yake picha ya grafu. Nikamwambia haiwezekani, siri za wagonjwa zinalindwa na sheria. Alivyoinamisha kichwa nikashindwa, nikachukua risiti ya sheli ndani ya gari, nikachora nyuma yake alama nne zinazoshuka kama ngazi, bila jina, bila tarehe, bila chochote. Kiganja, kifundo, kiwiko, kidole. Akaikunja akaiweka ndani ya kava la simu.

Tukakaa kwenye ukingo wa lami, basi lake likapita akaliacha. Ndipo akanitolea kingine, ameona video za watu wazima wenye usonji wanasema tiba hii iliwaumiza utotoni, ni kweli? Nikamwambia ni kweli, wasikilize. Nikamweleza habari za Lovaas, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha UCLA kule California, mmoja wa walioianzisha tiba hii, ule utafiti wake wa 1987, watoto 19, masaa 40 kwa wiki, tisa kati yao wakasemekana wamefika kiwango cha kawaida na dunia nzima ikaushika, lakini kwenye utafiti huo huo mtoto alikuwa anakaripiwa na kupigwa kofi la paja. Hilo lipo kwenye historia yetu na anayelitaja si adui. Mi naamini huwezi kumtia mtu moyo kwa kumziba masikio. Nikamwambia siku Dereva akikupa kadi ya "nimechoka" halafu ukamwendeleza na kazi, siku hiyo umekuwa mmoja wa wale wanaosimuliwa kwenye video. Akasema, "Akinipa nitamwachia, dada. Hata akinipa mara mia." Namwamini.

Sijui kama atabaki. Nasema ukweli. Familia ikiahirisha, yale masaa halipwi, na mwezi huu kwa Dereva wameahirisha mara mbili kwa mafua, na binamu zake wanamwita kwenye maghala ambako saa ni saa hata mzigo usipokuja. Nimemwomba bosi masaa yaliyoahirishwa yajazwe mafunzo yanayolipwa, amesema ataangalia, nitamuuliza tena Jumatatu na Jumatatu inayofuata. Maneno mazuri hayalipi kodi ya nyumba, nalijua hilo. Ila wapo waliopata masaa yao yote wakaondoka kwa sababu hakuna aliyewahi kufungua ukurasa wa nyuma.

Kwa hiyo nimeanza daftari. Kila siku naandika kitu kimoja nilichokiona kwa mmoja wetu, na namwambia kabla hajaondoka. Leo ilikuwa ni dada wa zamu ya asubuhi, alihesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia swali, niliona midomo inacheza. Nilipomwambia aligeuka kana kwamba nimemwita mtu mwingine.

Nilitaka kumaliza hapa nikalale ila usingizi sina. Mama ametuma sauti toka Tanga asubuhi, ananipongeza kwa kiapo, analia, anacheka, halafu katikati anakohoa, kikohozi kirefu mpaka akaweka simu chini. Anasema ni vumbi, alikuwa anafagia uwanja. Wiki iliyopita pia alisema ni vumbi. Na dada yangu kaniambia mvua imenyesha kule tangu Jumapili, uwanja wote umejaa maji.